Pumu ya ngozi: kila ninachopaka kinanichonyota, ninunue nini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, na pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni. Hunitokea kwenye vikunjo vya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, na mwaka huu imepanda hadi kwenye kope. Nimeshanunua losheni nyingi mno: zilizoandikwa "asilia", zilizoandikwa "kwa ngozi nyeti", moja imeandikwa kabisa kwamba imethibitishwa na madaktari. Nyingine zinanichonyota palepale. Nyingine zinanifaa wiki mbili, kisha ngozi inachafuka kuliko mwanzo. Mama mkubwa ananiambia niache vyote nipake mafuta ya zeituni tu. Naomba unitajie bidhaa moja ya kununua nipumzike.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole, hasa kwa hizo kope. Ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, na ikianza kuwasha haikuachi kusoma, kulala wala kutazamana na mtu kwa utulivu.

Bidhaa moja sitakutajia, na sikunyimi. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 550 wenye pumu ya ngozi. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: kundi moja losheni, jingine krimu, jingine jeli, jingine marhamu, yaani kipakwa kizito cha mafuta. Hali zao zikalinganishwa kwa wiki 16. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko mengine. Tofauti moja inayokuhusu wewe ni kwamba waliopaka marhamu walilalamikia kuchonyotwa mara chache zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza ipi ni bora kuliko zote, nitakudanganya nikikujibu. Niulize ipi haina kitu kinachoiudhi ngozi yako, na ambayo utaweza kuipaka kwa wingi kila siku bila kuichoka. Hilo linafanyiwa kazi.

Katika barua yako umetenganisha jambo ambalo wagonjwa wengi hulichanganya: zinazokuchonyota palepale, na zinazokufaa wiki mbili kisha zikakugeuka. Hayo ni matatizo mawili.

Tuanze na kuchonyota. Paa likiezekwa kwa makuti ya kutosha mvua haipenyi. Makuti yakipungua, hata manyunyu yatakukuta kitandani. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizopangana, na katikati yake kuna mafuta ya ngozi yenyewe: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Kwa mwenye pumu ya ngozi mafuta hayo yamepungua. Wengine wamezaliwa na hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia tabaka hilo kushikamana na kutunza maji. Watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha uhusiano huo mwaka 2006. Basi maji ya ndani yanatoka, na vya nje vinaingia. Krimu yenye urea, asidi ya laktiki au propilini glaikoli ikikuta nyufa hizo, inachoma. Urea ni nzuri sana kwa visigino vikavu na mikono iliyokakamaa, lakini ukiipaka juu ya ngozi uliyokwisha kuikuna hadi ikachubuka, unatonesha kidonda. Maumivu hayo huja ndani ya dakika chache na kuondoka. Hayana maana kwamba una mzio na kitu hicho, wala kwamba bidhaa ni mbaya. Maana yake ni kwamba umeipaka mahali ambapo bado hapajafunga.

Mzio wa mguso ni habari nyingine kabisa. Unapaka leo, unalala salama, unapaka kesho, siku zinapita, na mwili polepole unajifunza kukichukia kiambato kimoja. Ukishajifunza, kila ukikigusa ngozi inawaka baada ya siku moja au mbili, inawasha, inavimba, na haitulii mpaka ukiache. Kwa kuwa kuna huo mwanya wa siku, mtu hulaumu alichopaka asubuhi ile, ilhali mkosaji ni wa juzi. "Zinanifaa wiki mbili kisha ngozi inachafuka" ndiyo sentensi iliyonifanya nichague kukujibu kwa urefu, kwa sababu inanuka mzio wa mguso juu ya pumu ya ngozi. Kope nazo zinanitia shaka hiyo hiyo. Mara nyingi kinachoziharibu hakikupakwa kopeni. Ni rangi ya kucha inayofika machoni kwa kidole, ni shampoo inayotiririka usoni na shingoni ukisuuza, ni manukato uliyojipulizia. Tazama kwamba shingo na kope zako zote ziko kwenye njia ya maji ya shampoo.

Kipimo cha mzio huo kipo. Vibandiko vyenye viambato mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa vinapotolewa na kusomwa tena siku kadhaa baadaye. Si kile cha kuchomwa kwa ncha ya sindano mkononi na kusubiri dakika 15. Hicho hutafuta mzio wa aina nyingine. Wengi wamefanyiwa hicho cha pili, wakaambiwa hawana mzio wowote, wakaendelea kujipaka kinachowaumiza. Ukifika kliniki, kitaje kwa jina: kipimo cha vibandiko.

Sasa maneno ya kwenye chupa. Nina desturi ya kumwomba mgonjwa aje na kila anachopaka ndani ya mfuko mmoja, tuvipange mezani. Kisha tunavigeuza vyote migongo, ili upande wa mbele usionekane. Upande wa mbele umeandikwa ili chupa inunuliwe. Chukua maneno yanayodai kwamba bidhaa haileti mzio. Mwaka 1975 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliweka kanuni ya kuwataka watengenezaji wathibitishe dai hilo kwa majaribio kabla ya kuliandika. Kampuni za vipodozi zilikwenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaitupa kanuni hiyo. Mpaka leo huko neno hilo halina tafsiri ya kisheria. Linamaanisha chochote anachotaka mwandishi wa lebo. "Imethibitishwa na madaktari" nayo haikuambii madaktari wangapi, kwa watu gani, wala walichokiona.

"Asilia" ndilo neno ninaloligombeza zaidi, kwa kuwa linawaumiza watu waangalifu, wale wanaojitahidi kukwepa kemikali. Mafuta ya lavenda ni ya asili. Ndani yake kuna linaloli, na ndani ya mafuta ya maganda ya ndimu na machungwa kuna limonini. Viwili hivi vikikaa na hewa, kama inavyotokea kila unapofungua kifuniko, hugeuka kuwa vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, vyenye nguvu. Ngozi haina habari kama harufu imetoka shambani au maabara.

Kwa hiyo geuza chupa. Cha kwanza kutafuta ni neno "parfum" au "fragrance". Ukilikuta, irudishe mahali pake, hata kama imeandikwa mbele kuwa ni ya ngozi nyeti au ya mtoto mchanga. Angalia na mtego huu: bidhaa isiyonukia si lazima iwe haina manukato. Nyingine hutiwa harufu ya kufunika harufu ya viambato vingine, ikatoka haina harufu yoyote puani, na kizio kimo ndani. Usiiamini pua. Soma orodha.

Cha pili ni vihifadhi. Kitu chochote chenye maji ndani yake kitaota vijidudu kisipowekewa kihifadhi, kwa hiyo losheni na krimu haziwezi kukosa. Suala ni kipi. Kuna kimoja kiitwacho methilisothiazolinoni; kwenye lebo jina ni refu, wewe kariri mwisho wake tu, "-isothiazolinone". Kilisababisha wimbi la mzio kiasi kwamba chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa mguso kilikitangaza kuwa kizio cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha mwilini kuanzia mwaka 2017. Kwenye vya kusuuza, kama shampoo na sabuni za maji, bado kinaruhusiwa kwa kiasi kidogo, na ndiyo sababu nyingine ya kuitilia shaka shampoo yako. Kinyume chake ni parabeni. Watu wanaziogopa, na chupa zinajigamba kwamba hazina parabeni, lakini kwa upande wa mzio ni miongoni mwa vihifadhi vipole zaidi tulivyo navyo. Chama kilekile mwaka 2019 kilizitaja kwa makusudi kuwa si kizio, baada ya kuona watengenezaji wanazikimbia na kukimbilia vihifadhi vibaya zaidi. Sikwambii uzitafute parabeni. Nakwambia usilipe zaidi kwa sababu hazimo.

Lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, huwafaa watu wengi wenye ngozi nzima, lakini wenye pumu ya ngozi hupata mzio nayo kirahisi zaidi. Kama zile zilizokugeuka zinayo zote, umeshapata pa kuanzia.

Mama mkubwa anakutakia mema, na mwambie daktari amesema ana haki kwenye jambo moja: kupunguza vitu. Kwenye mafuta ya zeituni ndipo tunapoachana. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha jaribio dogo la watu wazima waliopakwa mafuta ya zeituni mkononi mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Kinga ya ngozi ilidhoofika na wekundu kidogo ukatokea, hata kwa wasio na historia ya pumu ya ngozi. Yana asidi ya oleiki nyingi, na hiyo huvuruga mpangilio wa mafuta ya ngozi. Mafuta ya alizeti, yenye asidi ya linoleiki nyingi, hayakuleta madhara hayo katika jaribio hilohilo. Ya zeituni yabaki jikoni.

Je, ununue nini basi? Kipakwa kizuri hufanya kazi tatu, na mara nyingi chupa moja haizifanyi zote kwa usawa. Gliserini huvuta maji na kuyashika. Seramaidi na kolesteroli hujaribu kurudisha yale yaliyopungua katikati ya seli. Mafuta ya mgando na parafini hufunika juu ili maji yasitoke, na katika kazi hiyo ya kufunika sijaona kinachoyapita mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hayana maji, kwa hiyo hayahitaji kihifadhi. Kiambato ni kimoja. Mtu kupata mzio nayo ni nadra mno. Kwa mwili wako kwa wakati huu, wakati hatujui unachokichukia ni nini, ningeanza na hayo tu, usiku na baada ya kuoga. Yananata, najua, na kwenye joto yanaweza kukuletea vipele vya vinyweleo kifuani na mgongoni. Mchana tumia krimu yenye orodha fupi: gliserini, mafuta ya mgando au dimethikoni, seramaidi ikiwepo ni vyema, bila manukato, bila dondoo za mimea. Chagua yenye pampu au tyubu. Ikiwa ni kopo, chota kwa kijiko safi, kwa sababu vidole vinavyokuna ngozi hubeba bakteria, na ngozi yenye pumu huwa na wengi wa aina iitwayo stafilokokasi.

Tafadhali usiache suala la wingi lipite. Mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima anaweza kumaliza gramu 500 kwa wiki. Soma tena, kwa wiki. Nimewaona wenye kichupa kidogo cha krimu ya gharama wanachokipaka kwa ncha ya kidole ili kidumu miezi mitatu, na wanashangaa hakifanyi kazi. Kwa hiyo bei ni kigezo cha kitabibu. Kama huwezi kuinunua kwa wingi huo, hiyo si bidhaa yako, hata ingekuwa imetengenezwa kwa ustadi gani.

Namna ya kupaka: oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha paka palepale ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Pitisha mkono kuelekea vinyweleo vinakolala, usisugue juu na chini. Tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: nguo na mashuka yaliyolowa vipakwa vya mafuta hushika moto haraka, na kufua hakuyatoi mafuta yote. Usikae navyo karibu na mshumaa, jiko wala sigara.

Sabuni ya kawaida iondoe kwenye sehemu zenye pumu. Ngozi ina uchachu wa kiasi cha pH 5; namba hiyo ikipanda, uchachu unapungua. Sabuni ya kipande huwa 9 hadi 10, na kila ukijipaka povu lake unaipandisha ngozi mahali isipopapenda. Tumia kisafishaji kisicho sabuni, chenye pH karibu na ya ngozi, tena makwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha. Mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuoga usinunue. Mwaka 2018 jaribio la watoto 482 lilionyesha kwamba hayaongezi nafuu yoyote juu ya kupaka kwa kawaida. Na kama nyumbani kuna ile krimu ya maji ya kizamani iitwayo "aqueous cream", usijipake ukaiacha mwilini. Aina nyingi zake zina sodiamu lorili salfeti, kisafishaji cha kutoa povu kinachoiudhi ngozi kama sabuni, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya juu yake mwaka 2013.

Kabla hujaingiza kipya chochote, kijaribu. Kipake mara mbili kwa siku ndani ya mkono wa mbele, mahali pasipo na pumu, eneo la ukubwa wa sarafu, kwa siku saba hadi kumi mfululizo. Kujaribu mara moja dukani hakukuambii lolote kuhusu mzio, kwa ile sababu ya siku niliyokueleza. Kikipita, kianze mwilini peke yake, na kipya kingine kisubiri wiki mbili. Ukianza vitatu kwa pamoja ngozi ikachafuka, utavitupa vyote, kikiwemo kilichokuwa kinakusaidia.

Retinoli, asidi za kuchubua na vitamini C viweke kando mpaka ngozi itulie kwa miezi. Kinga ya jua chagua yenye zinki oksaidi au titani daioksaidi. Itakuachia weupe kidogo ikiwa ngozi yako ni nyeusi, ila haichomi kama nyingi za aina nyingine.

Kama ngozi yako ni nyeusi, usisubiri wekundu ili ujue pumu imeamka. Itaonekana ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, au vipele vidogo vinavyokwaruza kama mchanga. Ikishapoa itaacha mabaka meusi. Mabaka hayo si ugonjwa tena, ni rangi iliyobaki, na hufifia yenyewe kwa miezi mingi. Nakusihi usiyakimbize kwa krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zimekutwa na zebaki, nyingine haidrokwinoni au klobetasoli isiyotajwa kwenye lebo. Klobetasoli ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, yenye nguvu kuliko karibu zote, na kwenye kope inaweza kuharibu jicho lenyewe. Krimu yoyote inayotuliza pumu kwa siku mbili kama miujiza, halafu ukiiacha inarudi kwa kishindo, ishuku kuwa ina steroidi ya siri.

Steroidi ya wazi, iliyoandikwa na daktari, ni jambo jingine. Kipakwa hulinda ngozi. Hakizimi moto ukishawaka. Wagonjwa wangu wengi huogopa dawa hizo kiasi cha kuteseka mwaka mzima kwa pumu ambayo ingetulia kwa wiki mbili za haidrokotizoni au nyingine inayofaa mahali hapo. Kwa kope kuna marhamu ya takrolimusi, isiyo steroidi na isiyokondesha ngozi. Ukitumia dawa na kipakwa, viachanishe kama nusu saa ili kimoja kisikipunguze kingine nguvu.

Ukiona ngozi inatoa majimaji, vigaga vya rangi ya asali, au maumivu yamezidi muwasho, hiyo ni bakteria na inataka dawa. Ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yamekusanyika, yakipasuka yanaacha vishimo vya duara, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usilale nayo. Ni virusi vya tutuko vilivyosambaa kwenye ngozi yenye pumu, na karibu na jicho vinaweza kupofusha.

Leo fanya hivi. Futa rangi ya kucha na usipake nyingine kwa wiki nne. Badilisha shampoo kwa isiyo na manukato wala "-isothiazolinone", na uoshe nywele ukiwa umeinamisha kichwa mbele ya beseni, maji yasipite shingoni. Rudi kwenye mafuta ya mgando na kisafishaji kimoja tu. Zile chupa zilizokugeuka usizitupe: piga picha migongo yake, zipange pamoja, utafute kiambato kinachojirudia. Siku ya kipimo cha vibandiko nenda nazo zote, pamoja na hiyo rangi ya kucha.